Ripoti za ScreenIT: msaada wa kweli kwa msomaji wa makala tangulizi

Mwaka 2020, watafiti wa Uviko-19 walipokuwa wakiweka makala zao kwa kasi kwenye hifadhi za mtandaoni za bioRxiv na medRxiv, kabla hazijapitiwa na wataalamu wenzao, kundi la wanasayansi na waunda programu liliunganisha zana zao kuwa mfumo mmoja, ScreenIT, wa kuzikagua makala hizo tangulizi na kutoa ripoti ambazo mtu yeyote angeweza kuzisoma. Zaidi ya makala 6,000 zilikaguliwa katika miezi michache, kazi ambayo hakuna jopo la wahakiki lingeimudu. Mimi ni mmoja wa wanaozitegemea makala hizo, na ninaithamini sana huduma hii, mradi msomaji afahamu inajibu swali gani.

Mfumo hauulizi kama matokeo ni ya kweli, bali kama waandishi wameeleza kazi yao kiasi cha kumwezesha mwingine kuirudia. Zana mojawapo, SciScore, hupekua maelezo ya mbinu ikitafuta iwapo washiriki waligawanywa kwa nasibu, iwapo jinsia yao imetajwa, na iwapo kingamwili na aina za seli zilizotumika zinaweza kutambulika bila utata. Nyingine, ODDPub, hutafuta data na msimbo wa kompyuta uliowekwa wazi, na haikubali ile kauli iliyozoeleka kwamba data zitatolewa kwa atakayeomba. Msimamo huo ninauunga mkono kwa dhati, kwa sababu mwandishi akihama taasisi au barua pepe yake ikifungwa, ahadi hiyo huondoka naye.

Zana iliyonivutia kuliko zote ni Barzooka, ambayo huangalia picha za kurasa badala ya maneno na kubaini grafu za mihimili zilizotumika kuonyesha vipimo endelevu, yaani vinavyoweza kuchukua thamani yoyote, kama vile uzito au kiwango cha kemikali katika damu. Mhimili huonyesha wastani na kuficha mengine yote: wagonjwa sita wenye vipimo vinavyokaribiana na wagonjwa sita ambao mmoja wao amepita mbali na wenzake wanaweza kutoa mihimili yenye kimo kilekile. Vitone vya kila mgonjwa vikichorwa, tofauti hiyo huonekana mara moja. Kasoro hii husahihishwa kwa saa moja tu ya kazi, ndiyo maana kuigundua makala ingali tangulizi kuna faida kubwa. JetFighter nayo hutambua rangi za upinde wa mvua, ambazo huwatatiza wasiotofautisha nyekundu na kijani.

Tatizo ni kwamba zana hizi hazijui kila mara kipengele kipi kinaihusu makala ipi. Mgawanyo wa nasibu hauna nafasi katika makala ya kukadiria kwa hesabu jinsi ugonjwa unavyoenea, na hata pale unapohitajika, sentensi inayoutaja haithibitishi kwamba ulifanyika ipasavyo. Waundaji wenyewe wamekiri hadharani kwamba zana hukosea. Kwa hiyo alama ya SciScore, inayotolewa kati ya kumi, nisingeitumia kushindanisha makala mbili za fani tofauti, na ningesikitika sana kuona kamati ya ajira au ya ruzuku ikiitumia hivyo.

Ningependa ripoti hii imfikie mwandishi siku chache kabla makala haijawekwa hadharani, akiwa bado na data mezani na muda wa kuchora grafu upya.