TAHADHARI: Jamaa wa "kuapdeti kontroli boksi" anayezunguka Mtwara na Lindi

Wenye magari wa Mtwara na Lindi, someni hadi mwisho, kisha wasomeeni na wazee wetu walioko vijijini. Kuna jamaa anazunguka na laptopu, anajitambulisha kuwa mtaalamu kutoka Dar es Salaam, na anadai kuweka programu mpya kwenye kontroli boksi ya gari, yaani kompyuta inayoongoza injini. Kwa gari la petroli anachukua laki mbili na nusu. Kwa dizeli anapanda hadi laki sita. Ameshapita Mikindani, Tandahimba na Newala, na sasa anatajwa Ruangwa na Nachingwea. Magari aliyoyagusa na kuletwa kwetu, karibu yote hakuweka programu yoyote. Alifuta kumbukumbu ya hitilafu, taa ya cheki injini ikazimika, akapokea hela akaondoka.

Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Mtwara mjini. Inaniuma kwa sababu wengi wanaotapeliwa ni wakulima waliotoka kulipwa hela ya korosho. Jamaa huyu haji mwezi wa nne wala wa tano. Anakuja minada ikishaanza, anapojua watu wana kitu mfukoni.

Maneno yake ni yale yale kila mahali: "Mzee wangu, gari hili limekuja na programu ya mafuta ya Japani. Mafuta yetu haliyajui, ndiyo maana taa inawaka na linakula sana. Nikuwekee programu ya Tanzania, utanikumbuka." Yanaingia akilini, lakini si kweli. Gari lenye mfumo wa kielektroniki halisubiri mtu alifundishe mafuta. Sensa ya oksijeni kwenye ekzosi inapima moshi unaotoka, na kontroli boksi inaongeza au kupunguza mafuta yenyewe, karibu muda wote injini inapofanya kazi. Ukiondoka Mtwara baharini ukapanda hadi Newala juu ya Uwanda wa Makonde, hewa inakuwa nyepesi, na gari linajirekebisha njiani bila kuguswa na mtu. Gari likila mafuta kupita kawaida, mara nyingi tatizo ni kifaa: sensa iliyochoka, plagi, nozeli chafu, airklina iliyojaa vumbi, au breki inayong'ang'ania.

Sasa anachokifanya. Chini ya dashibodi upande wa dereva kuna soketi yenye matundu 16. Marekani iliifanya ya lazima kwa magari ya kuanzia mwaka 1996, Ulaya ikafuata mwaka 2001 kwa ya petroli, na magari mengi ya Japani tunayoendesha hapa yanayo. Anachomeka pale kifaa kidogo cha Blututhi cha aina ya ELM327, kinachouzwa bei ya chini kabisa. Kifaa hicho kinasoma namba za hitilafu, kinaonyesha joto la injini na mizunguko, na kinafuta kumbukumbu. Kazi yake inaishia hapo. Kwenye laptopu anafungua video au programu yenye mstari wa kijani unaojaa taratibu hadi asilimia mia. Mwenye gari anautazama mstari, anaona taa ya cheki injini imezimika, anaamini.

Taa hiyo itarudi. Injini ikifutiwa kumbukumbu huanza kujipima upya, na vipimo vingine havikamiliki mpaka gari litembee safari kadhaa. Huo ndio muda anaoutumia kuhama mji.

Kuna mama mmoja wa Mikindani, Noah yake ilikuwa na namba P0302, maana yake silinda ya pili haichomi sawasawa. Koili ya silinda hiyo ilikuwa imekufa. Ni kifaa kimoja, unakibadilisha kwa muda mfupi. Jamaa alifuta namba, akamwambia, "Mama, gari limekuwa jipya, hata likitetemeka kidogo usijali, programu inajizoeza." Mama akaendelea kubeba abiria kwa kuamini hivyo. Silinda isiyochoma inatupa petroli mbichi kwenye ekzosi, petroli inawakia ndani ya masega (kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi), joto linapanda, masega yanayeyuka na kuziba. Gari lilipoletwa kwetu lilikuwa halipandi hata mlima wa kawaida. Mama wa watu amelipa laki mbili na nusu za jamaa, koili iko pale pale, na masega yamekufa juu yake.

Na huyo bado ana nafuu. Ruangwa kuna pikapu ya dizeli ambayo safari hii aliiandikia kweli, kwa mashine nyingine, faili la kutoka mtandaoni, eti kuongeza nguvu. Kuandika programu kunataka swichi iwe imewashwa na injini imezimwa, pengine dakika chache, pengine nusu saa na zaidi kutegemea gari. Muda wote huo betri inaliwa. Ndiyo maana anayejua kazi hufunga kwanza chaja maalumu inayoshikilia umeme usiyumbe, kwenye volti 13 na kitu. Jamaa hakufunga chochote. Betri ikashuka katikati ya kazi, programu ya zamani imeshafutwa na mpya haijamalizika kuandikwa. Kontroli boksi ya namna hiyo haiwashi injini, na mara nyingi haijibu hata mashine ya kupimia. Alisema anaenda kuchukua kebo nyingine kwenye gari lake. Simu haijapatikana tena, na pikapu ikavutwa hadi Lindi mjini.

La kutisha zaidi ni lile la kuchomoa. Akiona gari limegoma anasema anaipeleka kontroli boksi Dar es Salaam ikatengenezwe, kisha anakuletea nyingine kuukuu anayokuuzia. Kwenye gari lenye mfumo wa kuzuia wizi, boksi ya gari lingine haiitambui funguo yako, kwa hiyo gari haliwaki mpaka vioanishwe upya. Na yako nzima inaenda kuuzwa. Msimruhusu mtu achomoe boksi kabla hamjapiga picha lebo yake na namba zilizopo.

Sisemi kwamba kuapdeti programu ya gari ni uongo. Ni kazi halali na ina faida. Februari 2014 Toyota iliita magari ya Prius yapatayo milioni 1.9 duniani ili yarekebishwe programu, na wenye magari hawakutozwa. Lakini programu halisi inatoka kwa mtengenezaji, inatafutwa kwa namba ya chasi ya gari lako, na inaandikwa kwa mashine iliyotengenezwa kwa kazi hiyo: ya kampuni yenyewe, au inayofuata J2534, kiwango cha mashine za kuandika programu za magari. Fundi wa kweli anaanza kwa kupima, anakuonyesha hitilafu, anakwambia kama toleo jipya lipo au halipo. Kwa gari la miaka mingi, jibu la kawaida ni kwamba halipo.

Swali moja linamaliza ubishi naye. Kila programu ya kontroli boksi ina namba yake ya toleo, kwenye mashine inaandikwa CAL ID, na magari mengi ya miaka ya karibuni yanaionyesha hata kwa kifaa cha kawaida. Mwambie akuonyeshe namba hiyo kabla, uipige picha. Akimaliza akuonyeshe tena. Namba ikiwa ile ile, hakuna toleo jipya la mtengenezaji lililowekwa na hakuna cha kulipia. Jamaa alipoulizwa hivyo na kijana mmoja wa Nanyamba, alikunja laptopu akasema ana dharura.

Tena, mwombeni risiti ya EFD na mahali anapofanyia kazi. Hana ofisi wala gereji, na anataka hela kwa simu kwenye namba ambayo jina lake halifanani na lile alilojitambulisha nalo. Hapo hapo acheni.

Kwa mliokwisha kulipa: msifute ujumbe wa muamala, nendeni nao polisi mfungue jalada, na namba aliyotumia itumeni kwenda 15040 ya TCRA. Kama taa imezimika na gari bado linatetemeka, msiendelee kulitembeza, lipimwe kwanza. Mwenye picha ya gari la jamaa huyu au namba nyingine za simu anazotumia awapelekee polisi wa Lindi au Mtwara, maana malalamiko yakifika moja moja, jamaa anaonekana kama aliyekosana na mteja tu. Na walioko Masasi na Mangaka wajiandae, kwa sababu kutoka Nachingwea barabara inamleta kwenu.