Fundi friji wa Ngamiani: anapima kwanza, habari za gesi baadaye

Nianze na bei, maana ndiyo naulizwa kila nikimtaja fundi huyu. Kuja nyumbani kukagua ni shilingi 15,000, na ukikubali akutengenezee, hela hiyo anaihesabu ndani ya malipo. Mimi nimelipa 70,000 jumla: hita mpya ya kuyeyushia barafu, kithermostati chake, na kazi. Fundi aliyetangulia alitaka 90,000 za kujaza gesi, na gesi ilikuwa imejaa tele.

Friji yenyewe ni mtumba, milango miwili, friza juu, ile aina isiyoota barafu ukutani. Hainihifadhii mboga tu. Ndiyo inayogandisha barafu za ubuyu na ukwaju ninazouzia watoto wa shule hapa Tanga, na joto letu mnalijua. Ilianza kwa kuchelewa kugandisha. Baadaye chini kukawa vuguvugu, maziwa ya asubuhi jioni yamechacha. Juu barafu zinashika pembeni, katikati uji. Kompresa nayo hailali, inanguruma usiku kucha, na LUKU inaisha kabla ya siku zake.

Fundi wa kwanza niliunganishwa na jirani. Alishika mabomba ya nyuma kwa kiganja, akatega sikio, akatoa hukumu: gesi imeisha. Mtungi aliokuja nao umeandikwa R134a, aina mojawapo ya gesi ya friji. Kibandiko kwenye kompresa yangu kimeandikwa R600a, aina nyingine kabisa, na pembeni yake kuna alama ya pembetatu yenye moto. Nikamwonyesha. Akasema, "Mama, gesi zote gesi." Nikampa soda yake, nikamsindikiza hadi nje.

Sasa huyu wa Ngamiani. Hata kabla hajaja, aliniuliza maswali kwa simu, na maswali hayo peke yake yalinifanya nimwamini. "Shikamoo mama. Juu panaganda kidogo au hapagandi kabisa? Ukifungua friza ukabonyeza kile kidude cha mlangoni, feni unaisikia? Chini ya droo za mboga kuna maji?" Maji yalikuwepo, nami siku zote nilidhani ni nyanya zinavuja. Akasema nisiguse kitu, na hasa nisichokonoe barafu kwa kisu. Mashoga zangu wanaochimba friza kwa kisu sikieni: ukitoboa lile bomba la aluminiamu, hapo ndipo gesi itaisha kweli.

Alipofika alianza na mlango. Akabana noti ya elfu moja kwenye mpira, akaivuta, akahamia pembe nyingine, hivyo hivyo kuuzunguka wote. Ilikuwa inashika. Kisha akatoa vitu vyote kwenye friza, akafungua skrubu za ukuta wa ndani, akaniita nije nione. Nyuma ya ule ukuta wa plastiki kuna mapezi membamba ya aluminiamu, na yote yalikuwa yamemezwa na barafu, jiwe tupu kutoka juu hadi chini. Akaniuliza, "Kama gesi hakuna mama, barafu hii imetoka wapi?"

Alinieleza taratibu huku akiiyeyusha kwa drai ya nywele. Gesi inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, haitumiki ikaisha kama ya jiko. Ikipungua, pana tundu, na tundu litafutwe na kuzibwa kabla ya kujaza chochote. Tena friji yenye gesi pungufu hugandisha kipande kimoja tu cha yale mapezi, pale gesi inapoingilia, kwingine pakavu. Yangu ilikuwa nyeupe kote. Maana yake baridi inatengenezwa, ila feni haina pa kupitisha upepo wa kuishusha chini. Ndiyo sababu juu panajitahidi na chini panaoza.

Kwenye friji za aina hii kuna hita chini ya mapezi. Kila baada ya saa kadhaa taima inazima kompresa na kuiwasha hita, barafu inayeyuka, maji yanateremka kwa kitundu hadi kwenye trei ya nyuma. Hita ikifa, barafu inajijenga kidogo kidogo hadi inaziba. Fundi akaitoa hita, akaweka mita: haisomi kitu. Nzima, alisema, ingesoma ohmu 300 na ushee. Angeweza kuishia hapo. Lakini alichukua na kile kithermostati kidogo kinachobanwa kwenye bomba, akaomba kikombe, barafu na chumvi, akakizamisha. Kikiwa kwenye baridi kali kinatakiwa kiunganishe umeme, na hakikuunganisha hata baada ya kukaa humo. Kwa hiyo vimekufa viwili. Angebadili hita tu, barafu ingerudi na mimi ningemlaani bure.

Kwa upande wa taima aliizungusha kwa bisibisi mpaka ikalia ta!, akaona inabadili, akaiacha. Akazibua kile kitundu cha maji kwa bomba la sindano na maji ya moto, na ule mto chini ya droo za mboga ukakauka. Nilipenda kwamba hakuniuzia taima ambayo siihitaji. Vipande vilivyokufa aliniachia mezani, vipo hadi leo kwenye kopo la vifungo.

Nilimuuliza kuhusu ule mtungi wa R134a. Alicheka kwanza. R600a ni isobutani, ndugu wa gesi ya kupikia, inashika moto, na friji nzima hubeba gramu chache tu, mara nyingi kama 50. Kompresa yake na oili yake vimetengenezwa kwa gesi hiyo. Ukiitia R134a unabadilisha presha na unaharibu kompresa. Na friji ya R600a ikihitaji kuchomelewa bomba, yeye haichomelei sebuleni kwa mtu, anaipeleka nje penye upepo.

Kesho yake alipita na kipimajoto chake cha waya. Friza ilisoma nyuzi 18 chini ya sifuri, chini nyuzi 4. Jioni akapima na umeme wa ukutani, ukasoma volti 190 mahali panapotakiwa 230, akanishauri ninunue friji gadi inayosubiri dakika chache kabla ya kurudisha umeme, maana kompresa ikiwashwa papo hapo baada ya kukatika inaanza na presha bado imo, inaungua. Hakuwa na ya kuniuzia, nimenunua dukani kwa hela yangu.

Msije mkadhani nimelipwa kumsifu, ana kasoro zake. Akisema saa nne, pika chakula cha mchana na uanze kula. Risiti hana, ukihitaji ya ofisini atakuandikia kwenye karatasi ya daftari kwa mwandiko ambao mhasibu wako hataupenda. Dhamana ni ya mdomo, miezi mitatu kwa hita. Na ule ukuta wa plastiki alivyourudisha, sponji ya pembeni ilichanika akaifunga kwa gundi ya karatasi nyeupe, inaonekana ukifungua mlango. Kwa kazi nzuri kiasi kile, hapo alinitia hasira kidogo.

Friji za kisasa zinazoendeshwa na bodi hazigusi, na anakwambia mapema kabla hujalipia ukaguzi. Za kawaida, mpigie baada ya alasiri, asubuhi mikono iko kazini hapokei. Ijumaa hafungui hadi watu watoke msikitini. Kibanda chake kiko upande wa soko la Mgandini, utakiona kwa makompresa mabovu yaliyorundikwa nje. Hayo hayauzwi, usije ukabishana naye bei kama nilivyosikia mteja mmoja akifanya.