Panto na mtoto mwenye usonji: uzoefu wangu na onyesho lililolegezwa masharti

Tiketi nilizinunua kwa sababu ya kijitabu, si kwa sababu ya mchezo. Kumbi nyingi za maigizo hapa Uingereza siku hizi huweka kwenye tovuti zao kijitabu cha picha cha kumwandaa mgeni ambaye hajawahi kukanyaga ukumbini, au aliyewahi akatoka analia. Unakipakua bure, unakisoma na mtoto nyumbani: huu ndio mlango tutakaoingilia, huyu mwenye fulana nyeusi ndiye atakayeangalia tiketi, hivi ndivyo viti vyetu, taa zitapungua lakini hazitazimwa zote. Mwanangu ana miaka minane na ana usonji. Jambo asilolijua mapema kwake ni baya mpaka lithibitishwe kuwa jema. Kwa hiyo maoni yangu ni juu ya huduma nzima ya maandalizi, tangu kijitabu hadi siku yenyewe ya onyesho lililolegezwa masharti, yaani lililopunguzwa makelele na ukali wa kanuni za ukumbini kwa ajili ya watazamaji kama yeye, kwenye ukumbi wa mji wetu huku kaskazini. Jina la ukumbi silitaji, kwani nina ya kusifu na ya kunung'unikia.

Kwa asiyeijua panto: ni mchezo wa msimu wa Krismasi, hadithi ya kale kama Cinderella au Aladdin, na ndani yake lazima awepo mwanamume mzima aliyevaa gauni akiigiza mama wa mtu. Kuna nyimbo, mizaha, moshi, fataki, na watazamaji ndio wanaotakiwa kupiga kelele. Adui akitokea anazomewa. Akimnyemelea mtu, ukumbi mzima unapayuka, "Yuko nyuma yako!" Ukitaka kumtesa mtoto anayeumizwa na makelele, hutapata pazuri zaidi ya hapo.

Lakini panto ina jambo moja ambalo michezo ya heshima haina: kanuni zake hazibadiliki. Kwa mila, mtu mwovu huingilia upande wa kulia kwetu tuliokaa, na mwema huingilia kushoto. Nilimwambia mwanangu hilo mara moja tu, akalishika. Siku ya mchezo macho yake hayakubanduka upande wa kulia, na adui alipotoa mguu tu, yeye alishavaa vifuniko vyake vya masikio. Mtoto wa aina yake anazipenda sheria, na panto ni sheria tupu.

Sasa kijitabu chenyewe. Nilikuwa nimeona vingine kabla ya hapo. Kimoja, cha ukumbi mwingine, kilijaa picha za watoto wanaocheka na maneno "utafurahi sana." Hilo ni tangazo la biashara. Hiki chetu kilisema kweli. Kilitaja kila mlio mkubwa na kinachoutangulia: ukimwona malkia ameinua fimbo, mlio unakaribia. Kilieleza moshi unatoka wapi na kwamba haudhuru. Kilisimulia hadithi yote mpaka mwisho, nani anageuzwa jiwe na kwamba atarudi kuwa mtu. Mama yangu, aliyekuja kutoka Tanga kukaa nasi majira yale ya baridi, alishangaa: "Sasa wameshatumalizia yote, tunakwenda kuangalia nini?" Kwa mjukuu wake ilikuwa kinyume. Alikwenda kuhakikisha kwamba waliyoahidi watayafanya.

Lugha yake pia ilinipendeza. Mtindo huu ulianzishwa na mwalimu wa Marekani, Carol Gray, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na msingi wake ni kueleza zaidi ya kuamuru. Hakisemi "piga makofi." Kinasema watu wengi hupiga makofi wimbo ukiisha, ukipenda nawe unaweza kupiga, usipopenda si neno. Tatizo ni kwamba vyote nilivyokutana navyo ni vya Kiingereza, na nyumbani kwetu lugha ya kulalia ni Kiswahili. Nikakaa jioni nikakiandika upya, nikabandika maneno yetu chini ya picha, ili bibi yake naye aweze kumsomea. Mwenye simu na printa anaweza kufanya hivyo kwa shughuli yoyote, hata harusi.

Wiki ile kabla ya onyesho walitufungulia ukumbi alasiri moja, bila mchezo wala watu. Hili ukiulizwa kama unalitaka, usilikatae. Tulikaa kwenye viti vyetu hasa. Viti ni vile vinavyojikunja ukiinuka, na mwanangu alitaka kujua kila kimoja kinapiga kelele gani. Mhudumu alimwacha afanye utafiti wake mstari mzima, kisha akamwonyesha chumba cha utulivu na njia ya kufika huko bila kumpita mtu mapajani.

Siku yenyewe masharti yalilegezwa kweli. Sauti ilipunguzwa, fataki ziliondolewa, taa za upande wa watazamaji ziliachwa nusu, milango ikabaki wazi, na tiketi waliuza chache ili nafasi zibaki. Ukitaka kusema, sema. Ukitaka kurukaruka au kutoka na kurudi, hakuna atakayekugeukia. Kabla ya kuanza waigizaji walitoka mmoja mmoja wakajitambulisha. Malkia mwovu alikuja na nywele zake mwenyewe, akataja jina lake, akavaa wigi mbele yetu, akatuomba tumzomee kwa majaribio. Sijawahi kuona watoto wakizomea kwa moyo mwepesi namna ile.

Utaratibu huu si wa kale. New York, Oktoba 2011, shirika la Theatre Development Fund liliandaa onyesho la kwanza la Broadway, yaani kumbi kubwa za maigizo za mji huo, lililorekebishwa kwa watu wenye usonji, nalo lilikuwa The Lion King. London, Battersea Arts Centre walifika mbali zaidi mwaka 2020: waliufanya ukumbi wao wote kuwa wa masharti haya, si kwa siku maalumu tu. Ukumbi wetu bado uko kwenye siku maalumu, tena moja kwa msimu mzima, asubuhi ya katikati ya wiki. Mzazi mwenye kazi afanyeje?

Na hapo ndipo penye lalamiko langu kubwa. Mama ana presha ya macho, anaona kwa taabu. Ukumbi unayo huduma ya maelezo ya sauti kwa wasioona vizuri, na ziara ya kupanda jukwaani kushika mavazi na vifaa kabla ya mchezo. Lakini viko siku nyingine. Maandishi ya skrini kwa viziwi siku nyingine, lugha ya alama siku nyingine kabisa. Ni kama vile familia moja hupewa ulemavu wa aina moja. Kwa hiyo mama alikaa nasi bila maelezo ya mtu, ambayo hata hivyo yangekuwa ya Kiingereza, na mjukuu wake aliyekariri kijitabu ndiye aliyemsimulia kinachotokea, kwa sauti ya kawaida, mchezo mzima. Onyesho lingine wangetutoa nje.

Gharama: ukijiandikisha nao na kuonyesha barua ya posho ya ulemavu ya mtoto, msindikizaji mmoja anaingia bure. Bibi alilipiwa. Kumbi nyingi zinakubali pia Access Card, kadi inayoonyesha mahitaji ya mwenye ulemavu, ambayo inakupunguzia kurudia kujieleza kila unakokwenda. Usinunue mtandaoni, piga simu, na umuulize anayeipokea ni wakati gani kelele kubwa ya kwanza inatokea. Akikujibu, au akasema subiri nikaulize jukwaani, nunua. Akikwambia usijali, mtafurahi, tafuta ukumbi mwingine. Wakigoma kabisa kukurekebishia, watajie sheria ya usawa ya 2010, inawataka wafanye marekebisho yaliyo ndani ya uwezo wao.

Jambo la mwisho ni choo. Kijitabu kilikuwa na picha nzuri ya choo, masinki yanang'aa, na hakikusema lolote kuhusu mashine za kukaushia mikono, zile zinazowaka zenyewe ukisogea. Zilinguruma nne kwa pamoja wakati wa mapumziko, na kipindi cha pili tulikianza kwa kuchelewa, tukitokea chumba cha utulivu. Niliwaandikia, wakanijibu kwa adabu kwamba mwakani siku hiyo watazizima na kuweka karatasi. Nimeshaweka oda ya tiketi. Nawapa nyota nne kati ya tano. Ya tano wameiacha chooni.