Sari ya Kanchipuram au ya shifoni?

Anayetaka kuvaa kama waigizaji Padmini au B. Saroja Devi wa filamu za Kitamil, za kusini mwa India, za miaka ya 1960 hukwama hapa.

Kwa unafuu wa bei, shifoni, kitambaa chepesi na chembamba, inashinda bila ubishi. Hariri ya Kanchipuram, mji wa kusini mwa India, hufumwa kwa mkono, na ile halisi ina zari: uzi wa fedha uliopakwa dhahabu. Pindo hufumwa kwa rangi yake, kisha huunganishwa na mwili wa sari papo hapo kwenye kitanda cha mfumi. Geuza upande wa nyuma uone nyuzi zilivyoshikana.

Mwilini, hariri ni nzito. Marinda yakishapangwa yanatulia. Shifoni inateleza, bila pini utahangaika. Lakini inafuata umbo, na kwa zile blauzi za kubana za enzi hizo, mimi naona ndiyo inayopendeza zaidi.

Matunzo? Shifoni ya poliesta unafua mwenyewe. Hariri inataka dobi anayeijua, na kabatini ukunjue na kukunja upya, la sivyo zari hukatikia kwenye mkunjo.

Harusini, vaa Kanchipuram na asumini kichwani. Kwa picha za ufukweni, shifoni.