Potrace: kwa logo za rangi moja sijaona ya bure inayoifikia

Wenzangu wa stika na fulana mnaijua hii hali, mteja anakutumia logo WhatsApp, imebanwa mpaka kingo zina ngazi ngazi, na anataka bango kubwa kesho asubuhi. Mimi hizo zote nazipitisha Potrace, programu inayogeuza picha kuwa mchoro wa mistari (vekta) unaoweza kukuzwa bila kingo kuharibika. Ni ya Peter Selinger, mtaalamu wa hesabu pale Chuo Kikuu cha Dalhousie, Kanada, ipo toka 2001 na ni bure kabisa. Wala huna haja ya kuihangaikia peke yake maana imeshawekwa ndani ya Inkscape, ile programu ya kuchora, chagua picha, bonyeza Shift+Alt+B, umefika.

Ninachoipendea ni jinsi inavyofanya maamuzi. Inafuata mpaka wa nyeusi na nyeupe, inatafuta umbo lenye pande chache kadiri inavyowezekana linaloendana na ule mpaka, halafu ndo inakagua kila pembe, hii ni kona ya kweli iachwe kali au ni mviringo ulainishwe? Na hapo unaamua wewe kwa namba moja tu, inaitwa alphamax. Kawaida ni 1. Ukiweka 0 unapata kona tupu, ukipandisha hadi 1.3334 hakuna kona inayobaki, hata herufi E inakuwa kama sabuni iliyolowa. Kwa logo yenye maandishi mimi nashusha kidogo chini ya 1, kwa majani na maua naiacha ilivyo.

Sehemu ya kufuta madoa muwe nayo makini sana jamani, hasa mnaofanya kadi za harusi zenye maandishi ya Kiarabu. Ile inafuta kila kipande kidogo kuliko kiwango ulichoweka, haijui kama ni uchafu wa skana au ni nukta ya herufi, sasa picha ikiwa ndogo na wewe umepandisha kiwango, herufi ba inabaki bila nukta yake na neno limeharibika. Ni bora uache uchafu ukaufute kwa mkono.

Halafu picha ndogo ikuze kwanza. Potrace inakuja na kaprogramu kanaitwa mkbitmap, kanaikuza mara 2 kabla ya kuigeuza nyeusi na nyeupe, kwa hiyo ile kijivu ya pembeni haipotei bure, inasaidia mkunjo kutoka laini. Tofauti unaiona kwa macho.

Picha za sura za watu usijisumbue, yenyewe inajua nyeusi na nyeupe tu, na Inkscape ikiirudia rangi kwa rangi unapata faili zito lenye nodi (vile vidoti vinavyoshikilia mistari) kibao. Pia mchoro wa kalamu nyembamba unatoka na kingo mbili, plota (mashine ya kukata stika) itakata mara mbili, hapo tumia ile ya mstari wa katikati, ipo Inkscape toka toleo la 1.0.