Albamu za Rory Gallagher: nilivyoanza vibaya, na ningeanzia wapi leo

Kosa langu la kwanza lilikuwa CD ya mkusanyiko. Nilikuwa mgeni Cork, huku Ireland, na kila nikienda mjini napita kauwanja kenye jina la Rory Gallagher, mpiga gitaa wa bluzi na rock, na sanamu ya gitaa lake. Siku moja nikasema ngoja nimjue huyu mtu. Nikabeba CD ya nyimbo zake bora, nikaisikiliza mara mbili, nikaiweka pembeni. Nyimbo nzuri, ila hazikunishika.

Baadaye ndiyo nikaelewa. Jamaa hakupenda kabisa biashara ya singo, yaani wimbo mmojammoja unaouzwa peke yake, kwa hiyo hana zile hit za kukusanyia. Kazi yake ilikuwa jukwaani. Kumsikiliza kwa mkusanyiko ni kama kuandaliwa pilau ukapakuliwa nyama tu.

Kwa hiyo kama una hela ya albamu moja, nunua Irish Tour '74. Ilirekodiwa Januari 1974 Belfast, Dublin na hapa Cork, miaka ambayo wanamuziki wengi walikuwa wanaikwepa Belfast kwa sababu ya mabomu ya machafuko ya Ireland ya Kaskazini. Yeye alikuwa akirudi. Ukiweka wimbo wa Cradle Rock utasikia watu wanavyompokea. Mimi masikio yangu yamelelewa na muziki wa dansi, nimezoea gitaa la solo likipewa nafasi yake wimbo ukishachemka, na hapa nilijiona nyumbani. A Million Miles Away inakwenda zaidi ya dakika tisa. Kuna mahali anashusha gitaa hadi linanong'ona, Lou Martin anabaki chini yake na kinanda, halafu bendi nzima inapanda taratibu. Hiyo naiwekaga nikitoka shifti ya usiku, kabla hata sijavua viatu.

Santuri ya kwanza ya Rory niliyonunua ilikuwa ya mtumba, euro 30. Dukani taa hafifu, sikuipindua vizuri kwenye mwanga. Nafika nyumbani, upande wa pili sindano inarukaruka kama kuku kakanyaga kaa la moto. Nikairudisha, nikaambiwa mali ikishatoka mlangoni hairudi. Tangu siku hiyo santuri naitoa kwenye jalada, nailaza usawa wa macho dirishani, na kama mkwaruzo unashika kucha naiacha, hata iwe bei ya bure.

Ya pili kwangu ni Live in Europe ya 1972. Watu watatu tu: yeye, Gerry McAvoy kwenye besi na Wilgar Campbell kwenye drams. Kuna wimbo anaweka gitaa chini anachukua mandolini, ukumbi unampigia makofi kama ndiyo drams zenyewe. Wengine wanaiweka juu ya Irish Tour. Sigombani nao.

Za studio, chukua Tattoo ya 1973, halafu Calling Card ya 1976 iliyosimamiwa na Roger Glover wa bendi ya rock ya Deep Purple. Hiyo ya pili imenyooka zaidi, na mke wangu ndiyo pekee anayoivumilia. Deuce ya 1971 ni mbichi, imerekodiwa harakaharaka. Ukipenda sauti ya jukwaani utaipenda. Jinx ya 1982 ninayo, siipigi. Fresh Evidence ya 1990, ya mwisho kutoka akiwa hai (alifariki Juni 1995 akiwa na miaka 47), watu wanaipita bila sababu. Sauti imechakaa, na bluzi zinaifaa sauti iliyochakaa.

Lile boksi la Irish Tour lililotoka 2014, CD saba na DVD, lisikutamanishe mapema. Wimbo uleule utausikia Belfast, Dublin na Cork. Mimi nimelikopa kwa mwenzangu kazini na nimefurahi nalo wiki nzima, kwa sababu solo hazifanani. Lakini kwa anayeanza ni hela nyingi kwa nyimbo zilezile.

Ile santuri ya mtumba bado ninayo. Upande wa kwanza uko salama. Jalada nimelitundika jikoni: yeye na gitaa lake la Stratocaster, alilonunua hapahapa Cork mwaka 1963 akiwa na miaka 15, kwa mkopo, pauni 100. Wanangu wanadhani ni babu yao wa Kizungu.