"Si uikwangue tu, mama?": piza tatu za Dar na hasira yangu moja

Naandika nikiwa bado nimekasirika, kwa hiyo anayetaka maoni ya mtu aliyetulia atafute kwingine.

Mimi ni wa Sinza. Karibu na barabara ya Shekilango kuna duka la piza ambalo kwa muda mrefu nilikuwa nalisifia kama la kaka yangu. Juzi kati hapa, siku ya mvua, watoto wakaniganda. Nikaagiza kubwa ya kuku, sh 28,000. Bodaboda kafika kalowa chapachapa, boksi kalifunga nyuma kwa mpira, limesimama wima kama begi la shule. Kufungua, nakuta unga mwekundu mtupu na vipande vya kuku vimelundikana kona moja. Chizi yote iko juu, kwenye mfuniko. Chizi imeganda kule, chizi mwingine nimebaki huku na sahani mkononi.

Jamani, kuna kile kigoda kidogo cheupe cha plastiki, cha miguu mitatu, kinachosimamishwa katikati ya piza. Kazi yake ni moja tu: mvuke ukishalainisha boksi, mfuniko usilalie chizi. Mama mmoja wa New York, Carmela Vitale, alikipatia hataza, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, mwaka 1985. Enzi hizo huku kwetu mama zetu walikuwa wakipanga foleni ya sukari na sabuni, mwenzao ameshamalizana na habari ya mfuniko. Leo sabuni tele madukani, kigoda hakuna!

Nikalibeba boksi hadi dukani kwa miguu, mvua ile ile. Binti wa kaunta kainamia simu.

"Dada, habari za saa hizi. Hebu angalia hii."

Kaangalia kwa jicho moja. "Si uikwangue tu, mama? Chizi si ipo?"

Niikwangue! Ukoko wa wali nimeukwangua maisha yangu yote, tena naupenda, ila ukoko haujawahi kunidai elfu 28. Nikamuuliza kigoda kiko wapi. "Vimeisha." Tangu lini? "Vimeisha tu." Akarudi kwenye simu. Hata "pole" haikumtoka, neno ambalo mji huu mtu anakupa hata ukijikwaa na miguu yako mwenyewe. Kijana anayekanda unga kule nyuma ndiye aliyeniangalia kwa aibu, mikono imejaa unga mpaka kwenye viwiko. Yule bodaboda simlaumu. Au namlaumu kidogo, nani anasimamisha piza wima?

Kwa hasira nikaapa kuhama. Wiki zilizofuata nikaenda Mikocheni. Huko kaka wa kaunta kaniita mama mara tano, kanipa kiti, kanifungulia boksi nihakikishe kabla sijalipa. Kigoda kipo katikati, kimesimama kama mnara. Machozi yalinilengalenga. Halafu nikala. Ndugu zangu, ule ni mkate wa boflo uliopakwa tomato ya chupa. Mwanangu wa mwisho alikula chizi, akaacha piza. Adabu nawapa kumi kwa kumi. Piza nawapa mbili, na moja ya hizo ni ya kigoda, ambacho nilikiosha nikakiweka kabatini.

Masaki nilipelekwa na shemeji yangu. Tanuri la kuni, mtindo wa Napoli, piza inakaa motoni kama dakika moja na nusu, inatoka kingo zimebabuka madoa meusi. Shemeji akataka kuirudisha, eti imeungua. Nikamwambia shemeji tulia, ndivyo inavyotakiwa, moto mkali unababua nje, ndani unga unabaki laini. Tamu? Tamu kweli. Ila lazima uilie pale pale. Ukiibeba hadi Sinza kwa foleni ya Morocco ya jioni, inafika kama leso iliyolowa, hapo kigoda hakisaidii kitu. Na kwa bei ya moja kule, Sinza nakula mbili na soda juu.

(Msiniletee habari za Zanzibar pizza ya Forodhani. Naipenda, lakini ile ni chapati iliyoshonewa yai na nyama ya kusaga tumboni. Uzuri wake inatoka kwenye chuma ikatua mkononi mwako, haina boksi wala mfuniko wa kuikwangua.)

Sasa niseme linaloniuma. Siku ile ya mvua nilirudi nyumbani nikachukua kijiko, nikakwangua. Nikaipanga chizi upya kama napaka siagi, nikaipitisha kwenye kikaango. Tukala kimya. Chini imekauka inakwaruza, ndani imevimba, ukiikunja haivunjiki. Yule kijana wa nyuma anajua unga, Mikocheni waende wakamwombe msamaha. Nilikuwa nimepanga kuwapa nyota moja. Nikaandika mbili. Nimefuta, tatu, lakini binti namkata moja, kwa hiyo turudi mbili. Sijui. Binti kwanza ajue kusema pole.

Jana jioni nimepita tena pale Shekilango. Nikaagiza kubwa ya kuku, nikasimama kaunta mpaka ikatoka. Kabla hawajafunga boksi nikafungua pochi, nikatoa kigoda changu cha Mikocheni, nikakisimamisha katikati ya piza. Binti akakiangalia, akaniangalia mimi, akarudi kwenye simu.